Ndege za mbao: Kasoro haikuwa kwenye ubao

KILA baada ya miaka michache huchipuka habari za kijana fulani katika mojawapo ya kaunti zetu aliyejitosa kuunda ndege yake mwenyewe nyuma ya nyumba. Majirani hukusanyika, picha hupigwa, kisha kicheko huanza. Ndege ya mbao? Hiyo itaruka au itaota majani?

Kicheko hicho kina kosa moja. Wanaocheka huunyoshea kidole ubao, ilhali historia ya usafiri wa angani yaonyesha kwamba ubao ndio uliostahili lawama ndogo zaidi. Ndege ya kwanza duniani kuruka kwa injini huku ikiongozwa na rubani ilikuwa ya mbao. Mojawapo ya ndege zenye kasi kubwa katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia ilikuwa ya mbao. Na shirika la East African Airways, lililowabeba Wakenya, Waganda na Watanganyika, lilianza kazi kwa ndege za mbao.

Iwapo mbao zilifaa kiasi hicho, mbona ziliachwa? Na palipotokea maafa, ni kitu gani hasa kilichoharibika? Maswali haya mawili yana jibu linalokaribiana, na jibu hilo lamhusu hata abiria anayepanda ndege ya kisasa leo hii.

Nguvu iliyojificha mtini

Tuanze na mti wenyewe. Ubao si kitu cha namna moja kama kipande cha chuma. Ni mkusanyiko wa nyuzi nyembamba na ndefu, zilizo wazi ndani mithili ya mirija, na kuunganishwa na gundi ya asili iitwayo lignini. Mti umeziunda nyuzi hizo ili uweze kusimama wima, na upepo uvumapo, upinde bila kuvunjika. Kupinda bila kuvunjika ndiyo kazi ya bawa la ndege pia.

Mti uliopendwa zaidi na waundaji ni msprusi, wa jamii ya misonobari, unaomea katika nchi za baridi kama vile Kanada na kaskazini magharibi mwa Marekani. Mita moja ya ujazo ya mbao zake zilizokauka ina uzani wa takriban kilo 400. Kiasi hicho hicho cha alumini kina uzani wa kilo 2,700, na cha chuma cha pua takriban kilo 7,800.

Bila shaka, ukilinganisha vipande viwili vyenye ukubwa sawa, alumini itaushinda ubao. Lakini mwundaji wa ndege hapimi kwa ukubwa. Hupima kwa uzani. Ukigawanya ukakamavu wa kila kimoja kwa uzani wake, msprusi, alumini na chuma cha pua hukaribiana mno, mradi msprusi upimwe kwa kufuata mkondo wa nyuzi zake.

Isitoshe, ubao una faida ya ziada. Bati la alumini lenye uzani sawa na ubao huwa jembamba sana, na kitu chembamba kikibanwa huku na huku hujikunja kabla hata ya kuvunjika. Ndiyo sababu mabati ya paa hutiwa mawimbi. Bila mawimbi hayo yangelegea. Ubao, kwa kuwa ni mwepesi, waweza kuwa mnene bila kuilemea ndege, na unene huo huuzuia kujikunja.

Udhaifu nao upo. Yeyote aliyewahi kupasua kuni ajua kwamba gogo hupasuka kwa urahisi ukilifuata kwa urefu, lakini ukilikata kwa mapana shoka hugota. Ubao una nguvu upande mmoja na unyonge upande wa pili.

Kwa sababu hiyo, si kila ubao uliofaa. Kanuni za ndege hutaka nyuzi zinyooke kiasi kwamba, katika kila sentimita 15 za urefu, zisiende upande kwa zaidi ya sentimita 1. Hutaka pia miviringo ya ukuaji wa mti isipungue 6 katika kila inchi, kwani mti uliokua polepole huwa imara zaidi. Fundi wa majahazi kule Lamu hawezi kushangazwa na masharti haya. Naye huuzunguka mti na kuusoma kabla ya kuuchonga uwe taruma la chombo.

Udhaifu wa upande mmoja nao ulipatiwa dawa: plaiwudi. Magamba membamba ya mbao hupangwa moja juu ya jingine, nyuzi za hili zikielekea mashariki na za lile zikielekea kaskazini, kisha yakagundishwa pamoja. Panapokosa nguvu gamba moja, la pili hujazia. Msomaji alikumbuke wazo hili, kwani tutalirejelea.

Kutoka Kitty Hawk hadi Nairobi

Mnamo Desemba 17, 1903, katika ufuo wenye mchanga karibu na Kitty Hawk, jimbo la North Carolina, Marekani, ndugu wawili, Orville na Wilbur Wright, walirusha ndege yao kwa mara ya kwanza. Kiunzi chake kilikuwa cha mbao, nyingi zikiwa za msprusi, na mabawa yake yalifunikwa kwa kitambaa cha pamba. Mruko wa kwanza ulidumu sekunde 12 na kufika mita 36. Kabla ya siku kwisha, ndege hiyo ilikuwa imeruka mara nne, na mruko mrefu zaidi ulikuwa wa sekunde 59.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipopamba moto, msprusi uligeuka kuwa bidhaa ya kijeshi. Mwaka 1917 jeshi la Marekani liliunda kikosi maalumu ambacho kazi yake haikuwa kupigana bali kukata miti. Maelfu kwa maelfu ya wanajeshi walipelekwa kwenye misitu ya Oregon na Washington kuangusha misprusi kwa ajili ya viwanda vya ndege vya Marekani na washirika wake.

Huku kwetu, ndege za mbao ndizo zilizofungua anga. Mwaka 1929 Bi Florence Kerr Wilson, akisaidiwa na rubani Tom Campbell Black, alianzisha shirika la Wilson Airways jijini Nairobi, likitumia ndege ndogo za kampuni ya Uingereza ya de Havilland. Uwanja lililoutumia ndio unaoitwa leo Uwanja wa Ndege wa Wilson.

Campbell Black hakuishia Nairobi. Mwezi Oktoba 1934, akiwa pamoja na C. W. A. Scott, alishinda mashindano ya kuruka kutoka Uingereza hadi Melbourne, Australia. Walitumia takriban saa 71. Ndege waliyoitumia, DH.88 Comet, ilikuwa ya mbao.

Miaka miwili baadaye, Beryl Markham, aliyelelewa Njoro na kufunzwa urubani na huyo huyo Campbell Black, alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Amerika Kaskazini bila kutua njiani, akienda kinyume cha pepo. Aliondoka Abingdon jioni ya Septemba 4, 1936, na baada ya zaidi ya saa 20 akaangukia kwenye kinamasi huko Nova Scotia, Kanada. Ndege yake, Percival Vega Gull, ilikuwa ya mbao. Kilichomwangusha si mbao bali mafuta yaliyokoma kufika kwenye injini.

East African Airways ilipoanza safari Januari 1946, ilikuwa na ndege sita aina ya Dragon Rapide. Hizo nazo zilikuwa na viunzi vya mbao vilivyovishwa plaiwudi na kitambaa. Kwa hiyo, mzee anayesimulia safari ya ndege ya miaka hiyo huenda aliketi ndani ya kazi ya seremala.

Bawa lililooza kwa ndani

Hata hivyo, kabla ya hayo yote kutimia, dosari ilikuwa imejitokeza kwa namna ya kutisha. Mnamo Machi 31, 1931, ndege ya abiria aina ya Fokker F-10 ilianguka karibu na kijiji cha Bazaar, jimbo la Kansas, Marekani. Watu wote 8 waliokuwamo walifariki. Miongoni mwao alikuwa Knute Rockne, kocha wa kandanda ya Kimarekani aliyependwa nchi nzima.

Bawa la ndege hiyo lilikuwa la mbao lililofunikwa kwa plaiwudi, na lilikatika angani. Uchunguzi uliishia kuelekeza lawama kwa unyevu uliopenya ndani na kuidhoofisha gundi iliyoshikilia viungo. Kwa nje, bawa lilionekana zima kabisa. Ili kuukagua moyo wake, ilibidi plaiwudi ing’olewe, kazi ndefu na ya gharama ambayo mashirika hayakuwa na desturi ya kuifanya.

Serikali ya Marekani ilizizuia ndege za aina hiyo kwa muda, na kuamuru ukaguzi wa mara kwa mara. Lakini imani ya wasafiri ilikuwa imevunjika pamoja na bawa lile. Viwanda vikakimbilia ndege za alumini tupu. Boeing 247 ilianza kuruka mwaka 1933, na DC-3, iliyokuja kuenea duniani kote, ikafuata mwaka 1935.

Kuanzia hapo ubao ukapewa sifa ya kitu cha zamani. Yadhihirika, hata hivyo, kwamba kilichoachia si nyuzi za mti. Ni gundi, na ni jicho la mkaguzi ambalo halikufika ndani.

Ndege iliyoundwa na maseremala

Mtu mmoja hakukubali kwamba enzi ya mbao imepita. Geoffrey de Havilland wa Uingereza aliona kwamba vita vikizuka alumini itaadimika, ilhali mafundi wa mbao watakuwa tele bila kazi. Akapendekeza ndege ya kuangusha mabomu iliyoundwa kwa mbao, yenye injini mbili na watu wawili tu, isiyo na bunduki hata moja. Kinga yake ingekuwa kasi.

Wakuu wengi wa kijeshi walilikebehi wazo hilo. Ofisa mmoja, Wilfrid Freeman, alilitetea, na mwezi Machi 1940 amri ya kuunda ndege 50 ikatolewa. Kazi ya kuibuni iliongozwa na R. E. Bishop katika jumba la Salisbury Hall, kaskazini mwa London. Novemba 25 mwaka huo huo, ndege hiyo iliyopewa jina Mosquito, yaani mbu, iliruka kwa mara ya kwanza.

Uundaji wake wafaa kuelezwa kwa utuvu. Mwili wa ndege uligawanywa kwa urefu kuwa nusu mbili, mfano wa ganda la njugu. Kila nusu iliundwa juu ya kalibu. Kwanza yalilazwa magamba ya plaiwudi ya mbetula, mti mgumu wa nchi za baridi. Juu yake likawekwa tabaka la balsa, mti mwepesi kupindukia kutoka Ekuado, lenye unene wa zaidi kidogo ya sentimita 1. Kisha likaja tabaka jingine la mbetula, na vyote vikabanwa hadi gundi ikakauka.

Ili kuelewa faida yake, chukua kipande cha katoni. Karatasi zake mbili za nje ni dhaifu, lakini zikitenganishwa na ile ya katikati yenye mawimbi, katoni hukataa kupinda. Ndivyo ilivyofanya balsa. Yenyewe haina nguvu nyingi, ila iliziweka ngozi mbili za mbetula mbali kidogo, na umbali huo ukazaa ukakamavu mkubwa kwa uzani mdogo.

Nyaya na mitambo viliwekwa ndani nusu mbili zikiwa bado zimefunuliwa, kisha zikaunganishwa. Viwanda vya samani na vya piano vilipewa kandarasi ya kutengeneza sehemu mbalimbali. Ngozi ya nje ilikuwa laini bila vichwa vya misumari, na hewa ikateleza juu yake. Kasi yake ilifika takriban kilomita 640 kwa saa. Jumla ya Mosquito 7,781 ziliundwa Uingereza, Kanada na Australia.

Januari 30, 1943, Hermann Göring, mkuu wa jeshi la angani la Ujerumani, alipokuwa ahutubie taifa kwa redio kuadhimisha miaka 10 ya utawala wa Hitler, Mosquito tatu zilitokea juu ya Berlin mchana kweupe na hotuba ikaahirishwa. Ndege ya maseremala ilikuwa imefika makao makuu ya adui.

Gundi yaamua hatima

Wajerumani walijaribu kujibu kwa ndege yao ya mbao, Focke-Wulf Ta 154. Walikuwa na gundi bora iliyotengenezwa mjini Wuppertal, lakini kiwanda hicho kiliharibiwa kwa mabomu mwaka 1943. Gundi iliyotafutwa badala yake ilikuwa na asidi iliyoutafuna ubao wenyewe. Mwaka 1944 ndege kadhaa ziliachana viungo, na mradi ukafutwa.

Desemba 10 mwaka huo, ndege nyingine ya Kijerumani yenye mabawa ya mbao, Heinkel He 162 ya injini ya jeti, ilivunjika ikionyeshwa mbele ya maofisa. Rubani Gotthold Peter aliuawa. Chanzo kilikuwa kile kile: gundi.

Waingereza nao hawakusalimika. Mosquito za mwanzo ziligundishwa kwa kasini, gundi itokanayo na maziwa. Gundi hiyo hushika barabara pakiwa pakavu, lakini penye joto na unyevu huwa chakula cha kuvu. Baadaye ikatumiwa gundi ya kemikali iliyostahimili maji. Hata hivyo, mwaka 1944 baadhi ya Mosquito zilizokuwa India na Burma zilivunjika mabawa, na mwezi Novemba nyingi zikazuiwa kuruka. Wakaguzi walikuta viungo vilivyoachana. Ubao hutanuka upatapo unyevu na kunywea ukaukapo, na palipokuwa na kazi mbovu ya kiwandani, mtanuko huo ulifungua pengo.

Funzo la hali hii latuhusu sisi wakazi wa ukanda wa joto. Ubao hutumika ndegeni ukiwa umekaushwa hadi unyevu wake ukawa takriban asilimia 12 hadi 15. Ukizidi asilimia 20 na kubaki hivyo, kuvu hupata makao. Ndege ya mbao iliyoachwa nje wakati wa mvua za masika yaweza kuzeeka kwa miezi kuliko ilivyozeeka kwa miaka ikiwa bandani.

Chuma nacho chazeeka

Je, alumini iliondoa hatari iliyojificha? La. Kampuni ile ile ya de Havilland ndiyo iliyounda ndege ya kwanza ya abiria yenye injini za jeti, nayo pia ikaitwa Comet. Hii ilikuwa ya alumini. Januari 10, 1954, Comet moja ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, ikaua watu wote 35. Aprili 8 nyingine ilianguka baharini karibu na Naples na watu 21 wakafa.

Wachunguzi waligundua uchovu wa metali. Kila mara ndege ilipopaa na kutua, mwili wake ulitunishwa na hewa ya ndani kisha ukanywea, hadi nyufa ndogo zikaota kwenye pembe za matundu yake na kukua bila kuonekana. Ajabu ni kwamba ubao huustahimili uchovu wa aina hiyo vyema kuliko alumini.

Basi alumini haikushinda kwa kuwa haina siri. Ilishinda kwa sababu hutoka kiwandani ikiwa na sifa zile zile kila siku, ilhali miti miwili ya msitu mmoja haifanani. Mhandisi aweza kuipigia hesabu mapema, na kiwanda chaweza kutoa maelfu ya vipande visivyotofautiana. Ilipohitajika pia kujaza hewa ndani ya ndege kubwa ziendazo juu sana, alumini ilifaa zaidi. Ubao ulibaki kwenye ndege ndogo. Kwa mfano, Robin DR400 ya Ufaransa, iliyoruka kwanza mwaka 1972, ina kiunzi cha mbao.

Wazo lililorejea kwa jina jipya

Lakini hekima ya ubao haikupotea. Kumbuka magamba ya plaiwudi yaliyopishanishwa nyuzi, na kalibu ya Mosquito. Sasa, badala ya nyuzi za mti weka nyuzi za kaboni. Na badala ya lignini weka gundi ya kemikali. Tandaza tabaka baada ya tabaka juu ya kalibu, kila moja likielekezwa upande wake, kisha uoke kwa joto na kani. Hivyo ndivyo unavyoundwa mwili wa Boeing 787 Dreamliner, ambayo takriban nusu ya uzani wake ni vitu vya namna hiyo.

Kenya Airways ilipokea Dreamliner yake ya kwanza mwaka 2014. Abiria anayeipanda katika uwanja wa Jomo Kenyatta ameketi ndani ya kitu kilicho karibu zaidi na ubao kuliko zilivyokuwa ndege za alumini alizozipanda babake: nyuzi zilizoshikwa na gundi.

Na tahadhari imebaki ile ile. Tabaka za kaboni zaweza kuachana ndani kwa ndani huku rangi ya nje iking’aa. Ndiyo maana mafundi huzipima kwa mawimbi ya sauti yanayopenya hadi mahali ambapo jicho halifiki. Laiti bawa la Kansas lingekaguliwa kwa uangalifu wa namna hiyo mwaka 1931, huenda watu 8 wangalifika salama.

Kwa hiyo, tutakapomwona tena kijana wa kaunti fulani akichonga mbao uani, tusimcheke kwa sababu ya mbao. Tumuulize maswali yenye maana. Nyuzi za ubao huu zimenyooka? Umekaushwa kiasi gani? Gundi hii ni ya aina gani, na kiungo hiki utakikagua vipi baada ya mvua? Na kabla ya kuketi ndani yake, ni mkaguzi gani aliyeidhinishwa atakayekitazama?

Akiwa na majibu, kazi yake ni ile ile ya akina Wright. Akikosa majibu, hata alumini haitamwokoa.